Mabati ya zahanati tuliyoyasugua kama sufuria

Wakuu, nawasalimu. Haya yamenikuta mwenyewe, na sehemu inayonitia aibu sitaikwepa.

Tarehe tatu Machi, mchana, nilikuwa nikilipiga picha jengo jipya la zahanati ya kigango chetu, hapa Kibaoni. Kwenye picha nikaona mistari ya kutu. Paa halikuwa na hata miezi mitatu.

Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni mimi. Mabati niliyachagua mimi.

Kesho yake nilipanda basi hadi Mpanda, dukani kwa Mzee Swedi aliyetuuzia. Nikasema kwa sauti, "Umewauzia wagonjwa mabati feki."

Wateja wawili waliacha walichoshika, wakatoka.

Hakubishana. "Mwalimu, nitakuja nione."

Alifika Jumamosi. Akina mama wa kamati walikuwa wamefura. "Nyie wafanyabiashara," Mama Nestori akamwambia, "leo hiyo kanzu hairudi nyeupe."

Alipanda ngazi, akapitisha kidole kwenye kutu, akashuka. Akaomba kuona bati lililobaki stoo. Lilikuwa linang'aa, halina doa. Ni la mzigo uleule.

"Haya ya juu mliyasugua na nini?"

Wote walinitazama mimi.

Mabati yalifika yametapakaa tope, kwa kuwa lori lilipita kwenye mvua. Niliwaambia akina mama tuyasugue kwa mchanga na majivu, kama sufuria, yapendeze kabla ya kupaua. Tulisugua siku nzima, tukiimba. Hilo moja la stoo tulilisahau.

Mzee alitueleza bila kejeli. Juu ya chuma kuna ngozi nyembamba ya alumini na zinki. Alumini huzuia maji. Zinki hukubali kuliwa yenyewe ili chuma kisiguswe, hata bati likipata mkwaruzo mdogo. Sisi tuliikwangua ngozi yote.

"Kumbe hatukuosha," Mama Nestori akasema taratibu. "Tulichuna."

Wakuu, tope la bati huondolewa kwa maji na kitambaa laini, basi. Lakini mimi, msomi na mwalimu, nilihukumu kabla ya kupanda ngazi. Paa tunaweza kulipaka rangi. Wale wateja wawili siwajui hata niwafuate.

Aliyewahi kusafisha jina alilolichafua hadharani anielekeze hapa. Mimi, wiki tatu baadaye, nilimtumia mzee barua hii, nikamwomba aibandike dukani:

"Mzee Swedi, mabati yako yalikuwa mazima. Niliyosema mbele ya wateja wako hayakuwa kweli. Aliyeharibu paa la zahanati ni mimi, kwa mikono yangu. Mwalimu Theresia, Kibaoni."