Nyota Isiyozama ya Bangwe

Sisi tuliokulia Bangwe kabla ya umeme tulikuwa matajiri bwana, kila mtoto alikuwa na nyota yake. Tukishakula ugali wa muhogo, tulitandika mkeka uani tukakaa tumeelekea ziwani, kila mmoja akachagua nyota moja karibu na milima ya Kongo. Ambaye nyota yake ilizama kwanza ndiye aliyeosha sufuria. Na sufuria ya ugali wa muhogo mnaijua, ukoko wake ulikuwa unang'oa kucha.

Dada yangu Zuhura, aliyenizidi miaka mitatu, alichagua za juu juu kwa maringo. Mimi nikajitwalia moja ya chini kabisa, nyeupe, imekaribia kugusa maji. Zuhura alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini yake ikazama, yangu ikabaki. Wiki nzima sikugusa sufuria. Nilivimba kichwa hadi shuleni, nikamwona hata mwalimu wa sayansi hajui kitu.

Kisha mwezi ukakua. Jioni moja nyota yangu haikutokea, nikaitafuta hadi macho yakauma. Baba, ambaye siku za mbalamwezi hakwenda kuvua dagaa, alikuwa nyuma yangu anashona nyavu. Akaniuliza natafuta nini, nikamwonyesha mahali pake. Akaanza kucheka taratibu.

"Hiyo ni karabai yangu, mwanangu, taa ya kuvutia dagaa usiku wa giza. Leo iko nyuma ya mlango."

Zuhura akanirundikia deni la sufuria la wiki nzima. Nilitamani ardhi ipasuke. Aliyenikera zaidi alikuwa mama, maana alijua siku zote akanyamaza. Nikamwuliza kwa nini. Akajibu huku anakunja mkeka, "Mimi nina kazi na mtoto mgongoni. Wewe ulikuwa unaniangalizia baba yako."

Wajukuu zangu wa Gungu wana simu inayotaja jina la kila nyota, hata kukiwa na mawingu. Shingo zenyewe haziinuki. Nikiwabembeleza watazame moja tu, wanaitupia jicho wakiwa chini ya taa ya barabarani, "Tumeiona, bibi," haoo ndani. Baba yao anaendesha bodaboda. Akichelewa wanampigia, anasema yuko njiani, basi, wanarudi kwenye katuni zao. Mimi, bila hata kujua ninachokitazama, nilimkodolea baba yangu macho kila usiku wa giza mpaka usingizi uliponichukua.