Sumaku Iliyoota Ndevu

Ukitaka kumuuzia kitu Mama Chujio, acha maneno nyumbani, njoo na kitu chenyewe. Mimi nilimuuzia matairi, nayajua ninayosema. Jina hilo alipewa na madereva, kwa sababu lori likibadilishwa oili, yeye hulipasua chujio kuukuu kwa msumeno, akaikunjua karatasi ya ndani na kuipitishia sumaku. Chuma kilicholika kwenye injini hujitaja chenyewe.

Gereji ya malori ya ukoo aliiendesha yeye tangu mumewe alipofariki. Siku moja shemeji yake, msimamizi wa mizigo, akaja na oili anayoiuza rafiki yake.

"Shemeji, hii oili yako inageuka nyeusi safari haijaisha. Itatuulia injini."

"Kwani unaipaka usoni?"

Madereva wakaangua kicheko. Shemeji mtu hakucheka. "Basi tuzishindanishe. Ukishindwa, funguo za gereji unanipa."

"Na nikishinda, huingii humu bila hodi."

Mama Chujio akachagua malori mawili yanayofanana kama pacha, mzigo sawa, barabara ileile ya milima, kila moja na oili yake. Katikati ya jaribio akawabadilisha madereva, maana mguu mzito nao hula injini. Mapatano ya maana huanza hivyo: unaziba kwanza milango ya visingizio.

Malori yaliporudi, vijiti vya kupimia oili vikachomolewa. Oili ya shemeji ilikuwa ingali kama asali. Ya Mama Chujio, lami tupu. Watu wakaanza kumpa pole. Shemeji akanyoosha mkono.

"Funguo."

"Mkono huo ushike msumeno kwanza."

Shemeji akayapasua machujio yote mawili mwenyewe. Akapitisha sumaku kwenye karatasi ya lori lililotiwa oili yake: ikaota ndevu, unga wa chuma umesimama wima. Akaifuta, akaipitisha kwenye ile nyingine: ikatoka kama kidevu cha mtoto.

"Oili ni kama dekio," akasema Mama Chujio. "Likibaki jeupe, ujue sakafu haijaguswa. Yangu imeyabeba masizi. Yako imeyaacha humo yasage vyuma."

Shemeji akaitazama sumaku, akaitazama tena. Kisha akatoka nje, akasimama mlangoni mbele ya madereva wote.

"Hodi!"

"Nani?"

"Shemeji yako, mwenye ndevu."

"Karibu. Na ulilete lile lori lako, tulikamue hiyo asali."