Sentimita Nne

Mimi kazi yangu ni shingo. Migongo na magoti napewa pia, lakini watu wananiita Dada wa Shingo, nami sijakataa. Nina kitanda kimoja, viti viwili, na futi ya fundi cherehani. Unakaa wima, unageuza kichwa, napima kutoka ncha ya kidevu hadi ncha ya bega. Sentimita zikipungua, unapona. Kisha nakuuliza maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi, na yote mawili naandika kwenye kadi. Hapo ndipo watu wanapoanza uongo. Mwingine ananijibu kumi huku anachekelea simu! Nawajua wote, na mdomo wangu hauna breki, nawapasha hapo hapo.

Basi utadhani Rivasi alinidanganya. Wala.

Rivasi alikuwa dereva wa lori kwenye ghala la saruji. Jina alipewa na wenzake, maana aliweza kuingiza lori kinyumenyume mahali ambapo wewe ungeogopa kuingiza baiskeli. Miaka ishirini na sita ya kugeuka nyuma iliimaliza shingo yake. Alinijia wiki saba, mcheshi, mbishi, akisema mikono yangu migumu kama spana. Kulia akafika kumi na moja, namba niliyoitaka. Kushoto akagomea kumi na tano.

Siku ya mwisho mwajiri wake alitaka barua: anarudi kazini au harudi?

"Maumivu ngapi?" nikamuuliza.

"Mbili, dada. Haki ya Mungu, mbili."

Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Nililiona. Nilikuwa na watu kumi na mmoja kwenye benchi, njaa inaniuma, na yule mzee nilikuwa nampenda. Nikaandika mbili. Kisanduku cha kipimo cha kushoto nikakiacha wazi, nikaandika barua kwamba anafaa kazi.

Siku ya kumi tangu arudi kazini alikuwa anaingiza lori ghalani kinyumenyume. Aliyemwelekeza kutoka nyuma, upande wa kushoto, ni shemeji yake, kaka wa mkewe, kuli wa pale pale. "Njoo, njoo, njoo." Halafu sauti ikakatika. Rivasi alijaribu kugeuka aone kuna nini, shingo ikakataa, na lori lilikuwa bado linakwenda.

Baada ya miezi minne mkewe alimleta kwangu. Nusura nisimtambue. Amekonda, kimya, kichwa kimeelekea kulia. Mkewe akakaa kiti cha kushoto. Nikapima: kulia kumi na moja, kushoto kumi na tisa. Nina mazoea ya kumbembeleza mtu anapogeuka, "Njoo, njoo, kidogo tena." Nilipolitamka hilo, alishika ukingo wa kitanda mpaka kucha zikawa nyeupe. Sijalitamka tena kwa mtu yeyote.

Wiki ya pili kumi na tisa. Wiki ya nane, kumi na tisa.

"Maumivu ngapi?"

"Sifuri."

"Sasa mbona hugeuki?"

"Yupo kule nyuma, kushoto," akasema.

Mkewe alinifuata koridoni. "Akilala shingo inageuka yote, dada. Nimeiona kwa macho yangu. Akiamka tu, inarudi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi na marehemu tulifanana, watu walitudhania mapacha. Nusu mwaka sasa mume wangu hajanitazama. Nimemwambia Jumamosi naenda kwetu. Asiponitazama kabla sijaondoka, ndiyo basi, sirudi."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa ndiyo mara ya mwisho ya kumpima. Katikati hapo nikaanza kumwona mtu ambaye sikuwahi kumwona akiwa hai, amesimama karibu na kile kiti cha kushoto. Mimi si mtu wa mambo hayo, na nilijisonya mwenyewe. Lakini alikuwepo, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Niliogopa sana.

Ijumaa nikaitoa kadi ya zamani kabatini. Nikamkalisha Rivasi, mkewe kushoto kwake, nikamwekea ile kadi mapajani.

"Hiki kisanduku kiko wazi," nikasema. "Ilikuwa kumi na tano. Nilijua hugeuki, na barua nikakupa."

Akapitisha kidole juu ya kisanduku. "Na maumivu yalikuwa nane," akasema. "Nilikwambia mbili kwa sababu nilichoka kukaa nyumbani."

Ndipo akageuka. Hakuna aliyemwambia ageuke. Alitaka kuona mkewe ameyapokeaje maneno hayo, na shingo ikaenda, ikaenda, mpaka kidevu kikakaribia bega. Futi ilikuwa mkononi mwangu, nikapima kwa mazoea tu. Kumi na moja. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Mkewe hakuwa akimtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Siku ile ilitakiwa iwe ngapi?"

"Kumi na moja."

"Nionyeshe tofauti."

Nikainyoosha futi, kutoka kumi na moja hadi kumi na tano. Akalaza vidole viwili juu yake. Vilienea.

"Kaka yangu mimi," akasema.

Akasimama, akamshika mumewe mkono. "Inuka baba, twende nyumbani." Rivasi akainuka huku bado anamkodolea macho, hata akajigonga kwenye mlango. Mimi hawakuniaga, na sikustahili.

Nikaandika kumi na moja kwenye kadi, nikaita anayefuata. Akaingia fundi viatu, akakaa wima, nikamwekea futi begani. Shemeji wa watu alikuwa bado amesimama pale karibu na kiti. Rivasi ameniachia yeye.

Fundi viatu akaniuliza namtazama nani. Nikamwambia ageuke.