Mbwa Hana Mikono

Nimewahi kuchapa mbwa wengi, lakini fimbo ile moja bado inaniaibisha.

Miaka ya themanini nilifanya kazi mjini Kitale, mke wangu na watoto wakiishi kwa mama yangu kijijini Myanga. Jumamosi moja nilifika nyumbani wakati mbwa wetu anarudi kutoka machinjioni. Watoto wake wachanga walimkimbilia wakamlamba mdomo, naye akawatapikia vipande vya matumbo mlangoni. Wakavila. Nikaona kinyaa, nikamchapa mpaka akalia.

"Mwache, mwanangu," mama akaniambia. "Anawalisha. Hata mbwa mwitu wa mlimani hulisha watoto hivyo. Hana mikono, angewabebea na nini?"

Nikatupa fimbo. Binti yangu mdogo akaja mbio kunipokea mzigo, na mzigo sikuwa nao. Kabla ya kutoka mjini nilikuwa nimekula nusu kilo ya nyama choma peke yangu, kama kila Jumamosi, nikijiambia kwamba mtu wa kazi lazima apate nguvu.

Alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akainusa.

"Baba," akasema, "inanukia nyama."