Bei ya Kiberiti

Msusi alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mteja redio iliposema kuwa mwanawe anauzwa. Mtangazaji alilitaja jina la utani, Kiberiti, akataja klabu ya ng'ambo, kisha akataja bei. Saluni nzima ikashika mdomo.

"Dada, hiyo ni bei ya mtu mmoja au ya timu nzima?" akauliza mteja aliyekuwa akisubiri zamu.

Wakacheka. Msusi naye akacheka, lakini vidole vyake vilipoteza njia, ikabidi afumue mstari mzima na kuanza upya.

Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa, mshambuliaji mfupi, mwepesi kuwaka. Mama yake alimlea peke yake kwa chanuo na uzi katika chumba hichohicho, pazia likitenganisha wateja na kitanda. Mama wa mtoto kama huyo angepaswa kupiga vigelegele. Lakini mara ya mwisho kijana alipokuja kumsalimia, mama alimwona akishuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja tu, kama mzee anayeuguza goti.

"Nimechoka tu, mama," alisema alipoulizwa.

Uvumi nao haukupumzika. Leo klabu moja inamtaka, kesho zimeongezeka nyingine, na bei inapanda kama unga uliotiwa hamira. Mwenye nyumba, ambaye salamu kwake ilikuwa kama kung'olewa jino, akaanza kumwita "mama yetu". Kaka yake msusi, fundi magari, alifunga gereji mapema aje kusikiliza redio, huku akichagua rangi ya gari atakalonunuliwa. Kila bei ilipopanda, msusi alihisi mzigo unaongezwa juu ya lile goti. Usingizi ukamhama.

Akampigia wakala wa mwanawe.

"Goti gani tena, mama? Usitutie nuksi. Chungu kinachemka, wewe unataka kukimwagia maji?"

Hapo ndipo alipofunga saluni na kwenda kambini. Alimkuta mwanawe ameketi nyuma ya bweni, mguu ndani ya ndoo ya barafu.

"Tangu lini?"

Kijana aliangalia pembeni. "Tangu ligi iishe. Nameza vidonge vya maumivu, nacheza mechi za kirafiki."

"Daktari wa timu anajua?"

"Akijua, nani ataninunua? Mjomba anasema ukoo mzima unaniangalia mimi."

"Mjomba wako ana magoti yake mazima."

"Mama, ukimwambia daktari, sitakusamehe. Nakuapia."

Msusi alimjua mwanawe, akiapa ameapa.

"Sitamwambia," alisema. "Utamwambia wewe. Mimi nipo hapa hapa."

Akaketi juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa. Kijana aliondoka kwa hasira, akarudi, akaondoka tena. Jua liliposogea hadi miguuni pa mama yake, alipita mbele yake bila kumtazama na kugonga mlango wa daktari.

Gegedu, ule mto laini ndani ya goti, lilikuwa limechanika. Daktari alisema angeendelea kucheza hivyo, angeagana na mpira kabisa. Akapasuliwa. Klabu za ng'ambo zikaingia mitini, na redioni mtangazaji akatania kwamba kiberiti kimelowa. Mwenye nyumba akarudi kwenye kimya chake. Kaka mtu hakukanyaga tena saluni.

Hayo aliyaweza. Kilichomla ni kuishi na kijana aliyelala nyuma ya pazia, anayekula bila kusema neno. Alisuka vichwa vya watu huku akijiuliza kama amemwokoa mwanawe au amemzima kwa mikono yake mwenyewe.

Siku moja, mteja akiwa kitini, sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Mama, daktari anasema nianze kutembea. Utanisindikiza?"

Alimwacha mteja na nusu ya kichwa.

Msimu uliofuata klabu yake ilimwingiza tena uwanjani, kipindi cha pili, katika mechi ya kirafiki. Msusi alikuwa jukwaani pamoja na kaka yake, aliyekuwa ameshamwomba radhi. Kiberiti alipogusa mpira wa kwanza na beki akamparamia, mama hakuweza kuvumilia. Akatoka nje hadi getini, mikono kifuani, akisikia kelele asizojua ni za shangwe au za huruma.

"Baba, hebu niangalizie," alimwomba mlinzi. "Yule mfupi bado yupo?"

Mlinzi alichungulia. "Yupo, mama. Anakimbia."

"Angalia tena."