Mkono wa Kumwinua Mtu

Shule niliiacha mapema, kalamu ikiwa bado ngeni mkononi. Kwa hiyo msitafute makosa humu, tafuteni habari. Nyumba hii ya Kondele, hapa Kisumu, nimeijenga kwa kubeba mizigo mgongoni, na huo mgongo ndio nitakaousema.

Nilizaliwa Asembo Bay, kando ya ziwa. Jioni, mitumbwi ikishavutwa nchi kavu, wanaume walishikana mieleka mchangani. Mgongo ukigusa mchanga, umekwisha. Baba yangu alikuwa mvuvi, na watu walisema mgongo wake na mchanga hawajawahi kusalimiana. Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mkono. Ukishamwangusha mtu, hapohapo unampa mkono, kabla hujacheka, kabla hujatazama nani amekuona. Baba alisema ukimwacha chini umeacha ugomvi pale, na mvua ya kwanza utaota.

Hata leo nikifumba macho nauona ufuko ule. Maji yametulia kama maziwa kwenye kibuyu, na wanaume wanazunguka polepole, mchanga ukimeta mabegani mwao kama magamba ya samaki. Hakuna sauti. Sijui sauti ilikwenda wapi.

Uhuru ukiwa bado mbichi nikaja Kisumu, kuli wa gatini. Huko ndiko nilikosikia kwamba kwenye ukumbi wa mtaa kuna mzee, koplo mstaafu wa polisi, anayefundisha judo. Nikaenda kuwaonyesha mieleka ni nini.

Tulichezea juu ya magunia yaliyojazwa mabaki ya pamba, yamefunikwa turubai. Mtu akianguka, pamba ilipenya kwenye mishono, ikapanda, ikaelea kwenye jua la dirishani kama kumbikumbi wasio na haraka. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka.

"Anguka," koplo akaniambia.

"Nianguke kwa nani? Sijaangushwa na mtu."

"Anguka tu, Bwana."

"Mzee, kwetu mtu haanguki bure."

Wenzangu wakacheka. Koplo akanishika mkono wa shati, taratibu, kama mtu anayetoa koti kwenye msumari, na mara nikawa natazama dari.

"Haya, sasa umeangushwa na mtu," akasema. "Tuendelee?"

Tukaendelea. Nikajifunza kuanguka mpaka nikapenda kuanguka. Kuna kitambo kidogo, miguu imeshaiacha dunia na mgongo haujafika, ambapo huna deni wala jina.

Koti la judo sikuwa nalo. Baba akanipa tanga lake kuukuu, nikalipeleka kwa fundi cherehani mmoja wa mjini, Mwislamu, mwembamba kama sindano yake, ambaye naye alikuwa anajifunza judo pamoja nasi.

"Bwana, koti hili linanuka omena," akasema. "Ukiliacha peke yake litarudi ziwani."

"Wewe shona. Sijakuomba unuse."

"Nashona nimeziba pua. Mishono ikipinda, usinilaumu."

Haikupinda. Alishona vizuri, na akaujua kila mshono wa koti langu.

Halafu koplo akatangaza kwamba kuna mashindano Nairobi, na mtu mmoja tu wa ukumbi wetu atapelekwa kwa treni. Nilivyoitaka treni ile sikumwambia mtu. Kila jioni ilipiga honi ikaondoka, imebeba magunia niliyoyapakia mwenyewe. Magunia yangu yalikuwa yanafika Nairobi. Mimi hata Muhoroni, stesheni ya hapo karibu tu, sikuwa nimeipita.

Koplo akatushindanisha, tukabaki wawili, mimi na fundi.

Nilimwingia chini, nikambeba kiunoni. Alikuwa mwepesi. Naikumbuka safari yake hewani kuliko safari zangu nyingi: miguu yake ilipita juu ya dirisha, ikaliziba jua, ikaliachia. Akaanguka kwa ubavu, mgongo ukagusa upande mmoja tu. Koplo akanyoosha mkono pembeni. "Nusu!" Katika judo, nusu maana yake hamjamaliza, endeleeni.

Masikio yangu yalisikia. Mkono haukusikia. Mkono ulikuwa wa Asembo. Ukashuka wenyewe, kumwinua.

Fundi akautazama. Kisha akaushika, akavuta.

Nikamwangukia kama gunia lililokatika kamba, akanigeuza, akanilalia kifuani, vidole vyake ndani ya mishono aliyoishona mwenyewe. Nilisukuma, wapi. Basi nikatulia nikitazama juu. Pamba ilikuwa inashuka. Tanga la baba lilinibana kifua, linanuka ziwa, na nikaona kama niko chini ya maji, naangalia tumbo la mtumbwi likipita. Koplo akahesabu nusu dakika, maana katika judo aliyebanwa chini hivyo ameshindwa, akatangaza mwisho.

Fundi akasimama, akanipa mkono. "Shika, omera." Hilo ni neno letu la kumwita ndugu. Alilitafuta makusudi.

"Nikishika utanivuta tena?"

"Nimeshashinda. Nikuvute niende wapi?"

"Kwetu mtu havutwi anapoinua mwenzake."

"Na hapa hainuliwi kabla hajamalizwa, Bwana. Ungenimaliza."

Nikashika. Akaniinua.

Jioni ya safari nilikwenda stesheni. Alikuwa dirishani, daraja la tatu, akatoa mkono nje. Nikaushika, nikatembea na treni ikianza kujivuta. Kumng'oa pale dirishani ningeweza. Ilipozidi mwendo nikamwachia.

Jumapili nikaenda kwa baba. Alikuwa anashona wavu, hakuinua kichwa.

"Mgongo?"

"Uligusa, Baba."

"Nani?"

"Fundi aliyeshona tanga lako. Nilianza mimi kumwangusha. Nusu."

"Nusu ndiyo nini?"

"Mgongo uligusa upande mmoja."

"Mtu ana migongo mingapi?"

Nikamweleza mkono wangu ulivyokwenda kumwinua, na alivyouvuta. Akaushusha wavu.

"Na yeye alipomaliza, alikuinua?"

"Aliniinua."

"Mara moja?"

"Mara moja."

"Basi hapo chini hapakubaki kitu," akasema, akarudi kwenye wavu wake.

Nairobi nilikuja kuiona baadaye, kwa lori langu mwenyewe, limejaa samaki. Ni mji. Nilishusha mzigo nikageuza. Lakini nikisinzia kibarazani mchana, treni ile inaondoka polepole, mkono wa fundi umo mkononi mwangu, nami sivuti.