Nani Atapanda Miche ya Sally

Mimi na Sally tunapakana ukuta hapa Mbotela, kwa hivyo najua mambo yake hata yale asiyonieleza. Anauza viazi kando ya Jogoo Road. Tangu mumewe Wekulo azikwe kwao Bungoma, amekuwa akikuza miche nyuma ya nyumba ndani ya pakiti za maziwa, na ole wako nguo zako zikiidondoshea maji ya sabuni. Mpango wote anao kichwani: miti ya grevilia mpakani mwa shamba aliloachiwa na marehemu, kaliandra ya kulisha ng'ombe kwenye matuta, mahindi katikati. Huko Bungoma mvua ilikuwa imeanza, na pikapu ya kubeba miche ilikuwa ije kesho yake.

Ndipo akatokea shemeji yake, Opicho, bila hata kupiga simu.

Nilikuwepo. Opicho alikunywa chai, akauliza hali ya watoto, kisha akasema kwa upole, "Shemeji, wewe unajua kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, bwana yake anakufa. Sasa usijisumbue kusafiri. Nipatie hiyo miche, nitakupandia mimi mwenyewe."

Mimi mjinga nikafurahi. "Mungu akubariki, baba," nikamwambia.

Sally akanikanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga kweli kweli. Nilipomtazama, akanitikisia kichwa. Hapo nikakumbuka alichowahi kunieleza. Kwao mti ni wa aliyeupanda, na udongo hufuata mti. Opicho akishapanda mpakani na kwenye matuta, shamba la Wekulo limekwenda, na hakuna mzee atakayemsikiliza Sally wala watoto wake.

"Asante, shemeji," Sally akasema. "Nitapanda mwenyewe."

Opicho akaweka kikombe chini. Upole ulimwisha. "Wazee wamekaa, na mimi ndio wamenituma. Ukipanda mti pale, usiniulize yatakayofuata."

Sitadanganya, niliogopa. Nilitamani Sally anyamaze, aombe muda, alie hata kidogo. Lakini aliinuka, akatoka, akarudi na jembe na mche mmoja wa grevilia. Akachimba pale pale mlangoni huku Opicho akimtazama. Akaupanda, akashindilia udongo kwa viganja, machozi yakimtiririka.

"Nimepanda, shemeji. Umeona kwa macho yako," akasema. "Haya niambie, mti huu utamuua nani? Bwana yangu mlimzika nyinyi wenyewe."

Opicho akautazama mche. Akanigeukia mimi nimsaidie; nikamkazia macho tu, mkorofi yule. Mwishowe akavaa kofia, akatoka akiupitia ule mche mbali, ubavu wake ukisugua ukuta.

"Tutaonana shambani," akasema akiwa nje.

"Tutaonana," Sally akajibu, kisha akanituma kamba ya kufungia miche.